Barua Pepe za Mkupuo Haziwafikii Wateja: Tuanzie Wapi Kutafuta Tatizo

Biashara nyingi ndogo za Dar es Salaam, kuanzia maduka ya vipuri Kariakoo hadi vyuo vya kompyuta Sinza na mawakala wa safari pale Posta, zinapita njia ileile. Matangazo ya SMS yanakula salio, bosi anasikia kwamba barua pepe ni bure, basi kijana wa ofisi anaambiwa akusanye anwani zote zilizopo na kutuma tangazo kwa mkupuo. Mwanzoni mambo yanakwenda. Baada ya wiki chache hata proforma aliyoiomba mteja mwenyewe, na anayeisubiri, inaangukia kwenye folda ya barua taka.

Mwongozo huu unakwenda dalili kwa dalili. Lakini kabla hujagusa mpangilio wowote, fungua lile faili la Excel na uulize kwa kila kundi la anwani: hizi zilifikaje humu, na wenyewe waliambiwa watapokea nini? Kundi ambalo hakuna mtu ofisini anayeweza kulijibia, liweke pembeni leo. Watu wanalipa mafundi wahangaike na seva huku tatizo limelala kwenye faili hilo, na hakuna rekodi ya DNS (daftari la mtandaoni linaloeleza jina la tovuti yako linatumia seva zipi) inayoweza kugeuza anwani ya kuokota ikawa anwani ya mtu aliyeridhia.

Barua inafika, ila kwenye barua taka

Tuma tangazo lako kwenye akaunti yako ya Gmail. Lifungue kwenye kompyuta, bonyeza nukta tatu zilizo karibu na alama ya kujibu, kisha chagua kuona barua katika umbo lake la asili. Juu kabisa utakuta mistari mitatu: SPF, DKIM na DMARC, kila mmoja na neno PASS au FAIL. Hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu panakuambia kama Gmail imekutambua au imekuona mgeni asiye na kitambulisho.

SPF ni orodha inayokaa kwenye DNS ya kikoa chako (jina lako la mtandaoni, mfano.co.tz), ikitaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako. DKIM ni saini ya kidijitali inayobandikwa kwenye kila barua, ili mpokeaji ajue kuwa imetoka kwako na haikuchezewa njiani. DMARC inadai kwamba kikoa anachokiona msomaji kwenye jina la mtumaji kilingane na kile kilichothibitishwa na SPF au DKIM, na inaiambia seva ya mpokeaji la kufanya kisipolingana.

Kosa linalojirudia sana kwenye vikoa vya .co.tz vilivyowekwa kwenye hosting (huduma ya kuhifadhi tovuti) ya bei nafuu ni kuwa na rekodi mbili za SPF. Moja iliwekwa na kampuni ya hosting siku tovuti ilipofunguliwa, ya pili imeongezwa na kijana alipojiunga na huduma ya kutuma barua za mkupuo:

v=spf1 a mx include:hosting.mfano ~all
v=spf1 include:mkupuo.mfano ~all

Ukiziangalia, kila moja ni sahihi. Zikikaa pamoja zinaharibu zote mbili, maana kikoa kinaruhusiwa rekodi moja tu ya SPF, na seva ya mpokeaji ikikuta mbili inalihesabu kuwa ni kosa na kuachana nazo. Ziunganishe:

v=spf1 a mx include:hosting.mfano include:mkupuo.mfano ~all

Usiongeze ongeze tu, kwani SPF ina kikomo cha maulizo 10 ya DNS, na kila include ni ulizo. Ofisi iliyobadilisha watoa huduma mara kadhaa bila kufuta wa zamani inaweza kuvuka kikomo hicho bila mtu kujua.

Kama DMARC peke yake ndiyo inayosema FAIL, angalia anwani ya mtumaji. Yawezekana unatumia huduma ya mkupuo lakini umejaza anwani ya ofisi inayoishia na gmail.com. Seva za huduma hiyo si za Google, kwa hiyo barua inajidai imetoka mahali ambapo haikutoka. Mwongozo wa Google kwa watumaji unakataza jambo hilo waziwazi. Yahoo walishafunga mlango huo tangu Aprili 2014 kwa anwani zao. Nunua kikoa chako. Hakuna njia ya mkato hapa.

Sasa tuseme zote tatu ni PASS na barua bado inakwenda kwenye taka. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu wanadhani PASS ni kibali cha kuingia. PASS inasema wewe ni nani, haisemi kwamba umekaribishwa. Matapeli nao wana SPF na DKIM safi kabisa. Kinachobaki ni sifa ya kikoa chako, na sifa hiyo inajengwa au kubomolewa na wapokeaji: wanafungua, wanajibu, wanafuta bila kusoma, au wanabonyeza kitufe cha barua taka.

Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wameyaweka masharti haya wazi. Anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda akaunti za Gmail lazima awe na SPF, DKIM na DMARC, na matangazo yake yawe na njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja. Microsoft waliweka masharti yanayofanana ya utambulisho Mei 2025 kwa watumaji wa kiwango hicho. Wewe unayetuma barua 2,000 usijipe moyo kwamba hayakuhusu, kwa sababu kuna sharti moja linalomgusa kila mtumaji: malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3, na Google wanashauri yabaki chini ya 0.1. Fanya hesabu. Katika barua 2,000 zilizoingia kikashani, watu 6 tu wakibonyeza kitufe hicho umeshafika kwenye mstari mwekundu. Ukishanunua orodha ya watu wasiokujua, hao 6 unawapata kabla ya saa ya chai.

Google wana huduma ya bure iitwayo Postmaster Tools inayoonyesha kiwango hicho kwa kikoa chako. Ukituma kidogo mno haitakuonyesha takwimu, lakini isajili mapema.

Waliojiandikisha wenyewe ndio wanaobonyeza kitufe cha taka

Dalili hii inauma kuliko zote, na inastahili kuchunguzwa kwa utulivu, kwa sababu mtu anaposema "lakini waliridhia!" anakuwa anasema kweli.

Sababu ya kwanza ni kwamba kitufe cha taka ni rahisi kukiona kuliko cha kujiondoa. Weka kiungo cha kujiondoa mahali panapoonekana, kwa maandishi ya ukubwa wa kawaida, na kwa Kiswahili kama tangazo lako ni la Kiswahili. Kuna ofisi zinazokiandika kwa kijivu kilichofifia juu ya rangi nyeupe zikidhani zinawabakiza wateja. Asiyeona mlango wa kutokea atabonyeza kitu anachokiona, na kitu hicho kinakuhesabia lalamiko.

Kuna namna nyingine kiungo hicho kinavyopotea bila wewe kukusudia. Gmail hukata barua ambayo maandishi yake ya HTML yamezidi takribani kilobaiti 102 na kuweka kiungo cha kusoma yaliyobaki. Kwa kuwa maneno ya kujiondoa huwa mwisho kabisa, ndiyo yanayokatwa. Hii huwapata hasa wanaonakili tangazo kutoka kwenye Word na kulibandika lilivyo, kwa sababu Word huja na mizigo ya maandishi ya siri ambayo macho hayaoni.

Kisha kuna bango. Dar tumezoea kutengeneza bango moja kwa ajili ya WhatsApp na Instagram, na watu wanalichukua lilelile na kulifanya ndiyo barua nzima: picha moja kubwa, hakuna neno hata moja la maandishi. Mpokeaji aliye kwenye daladala ya Mbagala na bando linaloelekea kuisha anaona kiboksi cheupe. Haoni bei, haoni jina la duka. Machujio ya barua taka nayo huitilia shaka barua ya picha tupu, kwa kuwa matapeli wametumia mbinu hiyo miaka mingi kuficha maneno yao. Andika bei, mahali na namba ya simu kwa maandishi ya kawaida, picha iwe ya kusindikiza.

Jina nalo lina uzito. Mtu alijiandikisha kwenye duka analolijua kwa jina lililo kwenye kibao cha barabarani. Barua inakuja na jina la kampuni lililosajiliwa BRELA, ambalo hajawahi kulisikia. Kwake huyo ni mgeni.

La mwisho ni ukimya mrefu. Mteja aliandika anwani yake mwaka juzi, hukumtumia kitu, halafu leo anapata matangazo mawili kwa wiki. Ridhaa inachakaa. Mwambie ndani ya siku chache za kwanza kwamba umempokea, na umtajie utakuwa unamwandikia mara ngapi, kisha usizidishe hapo. Asiyefungua wala kubonyeza chochote kwa miezi sita au zaidi mwulize mara moja kama bado anataka, asipojibu mtoe. Mabosi wengi hawapendi kuona orodha ikishuka kutoka 9,000 hadi 3,000. Lakini wale 6,000 hawakuwa wateja, walikuwa uzito unaowazamisha hao 3,000 wanaokusoma.

Barua zinarudi

Usizifute. Kila barua iliyorudi ina namba, na tarakimu ya kwanza inakuambia jambo kubwa. Zikianza na 4 tatizo ni la muda, seva yako itajaribu tena. Zikianza na 5 mlango umefungwa.

550 5.1.1 maana yake hakuna mtu mwenye anwani hiyo. Itoe mara moja, usijaribu tena mwezi ujao. 452 4.2.2 ni kisanduku kilichojaa. 421 4.7.28 kutoka Gmail ina maana unatuma kwa kasi inayotia shaka, na hiyo huwapata wenye kikoa kipya waliorusha barua 10,000 siku ya kwanza. Punguza, anza na mamia ya watu wanaokujua vizuri, ongeza taratibu kwa wiki kadhaa. 550 5.7.26 inakurudisha kwenye SPF na DKIM.

Ukiona 5.1.1 nyingi kwa siku moja, tafuta daftari. Kuna daftari mapokezi, lenye safu ya jina, simu na barua pepe, linalojazwa na mteja aliyesimama huku kashika mfuko, kisha linachapwa na mtu mwingine Ijumaa jioni. Herufi l inasomwa tarakimu 1. Mstari wa chini unageuka kistari cha kati. Gmail.com inakuwa gmail.con, Yahoo.com inakuwa yahoo.co. Nyingine zinarudi, na hizo ndizo zenye afadhali, kwani zile zisizorudi zimempata mtu mwingine kabisa ambaye hakuomba chochote.

Dawa yake ni uthibitisho wa hatua mbili. Mtu akishajaza anwani, mtumie barua moja fupi, na usimwingize kwenye orodha mpaka abonyeze:

"Habari. Anwani hii imeandikwa dukani kwetu ili ipokee bei mpya za vipuri mara moja kwa mwezi. Kama ni wewe, bonyeza hapa kuthibitisha. Kama si wewe, usifanye chochote, hatutakuandikia tena."

Utapoteza baadhi, hasa wale wanaosahau kubonyeza. Mimi naona ni bei ndogo kwa unachokipata, na hata ofisi yenye wateja 200 nashauri ifanye hivyo.

Zipo pia anwani za mtego. Baadhi ni za zamani zilizoachwa na wenyewe; kwa miezi zilikuwa zinarudisha barua, kisha zikawashwa upya kunasa watumaji wasiosafisha orodha zao. Nyingine hazikuwahi kuwa za mtu yeyote, zilifichwa kwenye kurasa za tovuti ili zivunwe na programu za kukusanya anwani. Mtego hauna namna ya kukubali kujiandikisha. Ukiwa nao kwenye orodha, basi umenunua, umevuna, au umekaa na anwani zilizokufa.

Mteja amepiga simu amekasirika

"Habari kaka. Hivi anwani yangu mmeitoa wapi? Kila Jumatatu mnaniletea bei za matairi, na mimi gari sina."

Jibu linalotolewa na ofisi nyingi ni "dada, bonyeza tu pale chini ujiondoe." Hajajibiwa alichouliza. Ofisi yenye kumbukumbu ingesema: "Samahani sana dada. Naiona hapa, uliijaza kwenye daftari la banda letu Sabasaba, ukaweka alama kwamba upate bei. Nakutoa sasa hivi." Ili uweze kusema hivyo, kila anwani lazima ihifadhiwe pamoja na tarehe iliyoingia, ilipotoka, na maneno halisi ambayo mtu aliyasoma alipokubali.

Sabasaba inanipa fursa ya kusema jambo linalobishaniwa kila Julai. Mtu aliyepita kwenye banda lako katika viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, akasaini kitabu cha wageni, amesaini kitabu cha wageni. Hajaomba matangazo. Vivyo hivyo kwa kadi za biashara alizokupa: unaweza kumwandikia yeye kama yeye, ukimkumbusha mlichozungumza na kumuuliza kama angependa kupokea bei. Kumtupa kwenye mkupuo ni jambo lingine. Ukitaka ruhusa, weka safu yake kwenye daftari, yenye maneno kamili, na mgeni aweke alama mwenyewe.

Na usije ukachukua orodha ya kununua, ile inayouzwa kwa flashi au kwenye magrupu, ukawatumia wote barua ya "kuomba ruhusa." Barua hiyo yenyewe ni taka.

Wengine hujitetea kwamba anwani ilikuwa wazi mtandaoni. Utetezi huo ni wa zamani kama barua taka yenyewe. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC, alituma tangazo kwa watu wapatao 400 kwenye Arpanet, mtandao uliotangulia intaneti. Anwani zao zilikuwa zimechapishwa kwenye kitabu cha anwani cha mtandao huo, tena kihalali. Malalamiko yalikuja palepale. Kuonekana kwa anwani ya mtu hakujawahi kuwa mwaliko.

Upande wa sheria, jihadhari na miongozo ya Marekani inayosambaa mtandaoni. Sheria yao ya CAN-SPAM ya mwaka 2003 inaruhusu kumwandikia mtu bila kumuuliza kwanza, mradi umpe njia ya kujitoa na umtoe ndani ya siku 10 za kazi. Kwetu si hivyo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazuia matangazo ya biashara yasiyoombwa isipokuwa mlaji ameridhia, mtumaji amejitambulisha na kueleza kusudi lake mwanzoni, na kuna njia ya kukataa mawasiliano zaidi. Aliyenunua kwako ana nafuu kidogo: unaweza kumtangazia bidhaa zinazofanana na alizonunua, ikiwa ulimpa nafasi ya kukataa na hakukataa, na ukaendelea kumpa nafasi hiyo kwenye kila barua. Juu yake ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yenye Tume yake na wajibu wa kujisajili kwa anayekusanya au kuchakata taarifa za watu. Orodha ya anwani ni taarifa binafsi. Na hata kama ungekuwa unafuata zile siku 10 za Wamarekani, Gmail na Yahoo wanataka mtu aondolewe ndani ya siku 2.

Kama hasira ya simu ni kwamba mteja ameona anwani za wateja wengine wote, mtu ofisini ametuma kwa kuweka majina yote kwenye sehemu ya wapokeaji au ya nakala ya wazi (CC). Huo ni uvujaji wa taarifa, si uzembe mdogo. Akaunti ya kawaida ya Gmail haikutengenezwa kwa kazi hiyo, ina kikomo cha wapokeaji 500 kwa siku. Tumia huduma ya mkupuo inayomtumia kila mtu barua yake.

Takwimu za ajabu

Waliofungua ni wengi mno, mauzo hakuna: tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple hupakua picha za barua hata kama mwenye simu hajaifungua, kwa hiyo namba ya waliofungua imejaa watu wasiokuwepo. Pima waliojibu, waliopiga simu, waliokuja.

Watu wameondolewa bila kuomba, hasa wa benki na mashirika makubwa: mifumo yao ya usalama hubonyeza kila kiungo kukikagua kabla barua haijamfikia mtu. Kiungo cha chini kimpeleke mtu kwenye ukurasa wa kuthibitisha kujiondoa, na ile ya kubonyeza mara moja iwekwe kwenye vichwa vya barua (taarifa zinazosomwa na programu ya barua, si na msomaji) kwa utaratibu wa RFC 8058, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2017, ambao ulibuniwa kwa sababu hiyohiyo.

Majina yasiyosomeka yamejiandikisha kwa mamia usiku mmoja: ni roboti. Mara nyingi wanakutumia wewe kumfurikia mtu mwingine barua, na fomu isiyo na uthibitisho wa hatua mbili ndiyo wanayoitafuta.

Hata proforma haiendi

Hapa angalia kama kikoa chako au anwani ya IP ya seva yako (namba inayoitambulisha mtandaoni) imeingizwa kwenye orodha za kuzuia. Inayofuatwa zaidi ni ya Spamhaus, iliyoanzishwa mwaka 1998. Ukurasa wao una sehemu ya kuangalia bure. Kwenye hosting ya kuchangia, IP moja inatumiwa na tovuti nyingi, na jirani mmoja aliyedukuliwa anatosha kuwafungia wote. Ikiwa ni hivyo, mwandikie mtoa huduma, mtumie matokeo uliyoyaona, na uombe kuhamishiwa seva nyingine. Angalia pia fomu za tovuti yako na nywila za akaunti za ofisi, maana jirani huyo anaweza kuwa wewe.

Ikiwa ni kikoa chako, simamisha matangazo yote kwanza. Kuomba kuondolewa huku mkupuo unaendelea kunakurudisha kwenye orodha ukiwa umeshapoteza imani yao. Spamhaus hawatozi fedha kumtoa mtu, kwa hiyo fundi anayekuambia anahitaji kuwalipa "ili wakufute" mwache. Waeleze chanzo ulichokipata na ulichokifanya.

Wakati huo tenganisha njia mbili: matangazo yatoke kwenye kikoa kidogo, mfano habari.mfano.co.tz, proforma na risiti zibaki kwenye kikoa kikuu, kila upande na DKIM yake. Ukirudi kutuma, anza na waliothibitisha ndani ya miezi mitatu iliyopita tu, wachache kwa siku, ukiangalia malalamiko kila asubuhi kabla ya kuongeza kundi jingine.